Ga ya Kinue

Kinue hakuwa mtu wa kutulia. Hata kwenye kile kiti cha juu cha mlangoni, ambapo mwenye hamamu hukaa kupokea wateja, wanaume wakiingia kushoto na wanawake kulia, yeye alikaa kwa tako moja. Atapokea mtu huku anakunja taulo, atamuuliza mwingine habari za mgongo wake, atampigia kelele mumewe huko nyuma kwenye tanuri kwamba maji yamepoa, na kabla hajajibiwa ameshashuka kwenda kujionea mwenyewe. Na mdomo wake, jamani! Watu wa Orikawa, kaskazini mwa Japani, ni watu wa theluji. Wanafungua kinywa kidogo, kama wanaogopa upepo utawaingia tumboni. Kinue alitoka Kumamoto, kisiwani Kyushu, kusini kabisa, kwa watu wanaosema kwa mdomo mzima.

Vita ndivyo vilivyomleta. Alikutana na Yasuhei kwenye meli iliyowarudisha watu kutoka Manchuria, wote wawili mbavu nje, na kabla meli haijatia nanga alikuwa ameshamsimulia maisha yake tangu utotoni. Yasuhei, mtu wa maneno matatu kwa siku, aliona bora amuoe huyuhuyu ambaye hadithi yake ameshaisikia.

Akampeleka kwao, kwenye hamamu ya mama yake, Bibi Toyo. Wiki ileile ya kwanza Kinue alihitaji ufunguo wa ghala la kuni. Akasema kwa adabu zote, "Mama, naomba kagi." Kagi ndio ufunguo. Bibi Toyo akamtazama, akaingia ndani, akarudi na tunda la kaki, lile jekundu la vuli lililo tamu, akamtia mkononi.

"Nimeomba kagi, mama!"

"Na hiyo ni nini? Si kagi hiyo? Kula, mwana wa watu, na ukila unyamaze!"

Ucheke usicheke, hapo ndipo ilipo shida yote. Kwa watu wa kaskazini, k ikikaa katikati ya neno inalegea na kuwa g, kwa hiyo tunda la kaki wanaliita kagi. Na g yenyewe inapanda puani na kuwa ng', ufunguo wakauita kang'i. Ni ng' ileile ya ng'ombe, asikutishe mtu. Kinue yeye k yake ilikuwa k na g yake ilikuwa g, ngumu, inagonga kama ndoo iliyoanguka sakafuni. Kuna neno dogo, ga, linalofuata jina la mtenda jambo, na huwezi kusema sentensi tatu za Kijapani bila kulitia. Kwa hiyo kila Kinue alipofungua mdomo, ga, ga, ga, mji mzima ulijua ni yule wa kuja. Alizaa, alizika baba mkwe, alijifunza kuchokonoa tanuri na kupiga koleo theluji ya paa, na bado dukani walimwita "yule wa Kyushu."

Sasa njoo kwenye kwaya. Mwalimu Usami alirudi vitani akakuta watoto wa Orikawa hawana wimbo. Nyimbo walizofundishwa zilikuwa za askari, na sasa zilikuwa mwiko. Akawakusanya kwenye ghala la kukaushia vifukofuko vya hariri, lililonuka viwavi hadi watoto wakirudi nyumbani wanavuliwa nguo mlangoni. Ada ilikuwa gogo moja la kuni kwa kila mtoto, la kutia jikoni wasigande. Kinanda kilikuwa cha kukanyaga, viriba vyake vimeliwa na panya, na mtoto mmoja alipewa kazi ya kukaa chini ameziba tundu kwa kiganja. Mashati ya onyesho la kwanza yalishonwa kwa kitambaa cha mwavuli wa askari wa anga, yakawa yanang'aa mpaka wazazi wakaona aibu kupiga makofi.

Waliimba vizuri, lakini kila walipokwenda Sendai kwenye mashindano ya kwaya ya kituo cha redio, ambayo mshindi wake hupelekwa Tokyo, walirudishwa. Jaji mmoja alisema watoto hawa wanaimba kama wana viazi moto mdomoni. Redio ilitaka k iwe k, na ilitaka ga isigonge wimbo bali ipite puani kwa ulaini, ng'a. Ng'a watoto wa Orikawa walizaliwa nayo. K ndiyo iliyowaua. Mwalimu Usami akawatundikia vipande vya karatasi mbele ya midomo. Ukisema k sawasawa, karatasi inaruka. Mjini ukawa unapishana na watoto wanapuliza karatasi kama vichaa.

Mine, binti pekee wa Kinue, alipoingia ghalani karatasi yake iliruka siku ya kwanza. Mwalimu akasema mtoto huyu ana sauti safi, akampa aanze wimbo peke yake: "Kaki ga akai," yaani kaki limeiva, jekundu. Kaki yake ilikuwa safi, akai yake safi. Ga tu. Ga ilianguka puu, kama jiwe kisimani. Mwalimu akambana pua apime kama ni ng'a, maana ukibanwa pua ng'a haitoki, lakini ga ya Mine ilitoka vilevile, kavu, na wenzake wakaangua kicheko.

Jioni moja kabla wateja hawajajaa, Mwalimu Usami akaja hamamuni, akavua kofia, akainama mno. Kinue akajua kuna jambo.

"Mama Mine, nina ombi zito. Mtoto anashika ulimi wa anayemsikia. Mpaka siku ya redio... kama ungeweza... usizungumze naye. Wala mbele yake. Amsikie bibi yake tu."

Kinue alicheka. Akangoja na mwalimu acheke. Mwalimu hakucheka.

"Nisizungumze na mwanangu? Nyumbani mwangu?"

"Samaki mkunje angali mbichi," Bibi Toyo akadakia kutoka chumba cha nguo, furaha imemjaa. "Mwalimu kasema. Tena uanze leo!"

Angekataa. Mwingine yeyote angekataa, na angekuwa na haki. Lakini Kinue alikuwa na kiu moja tu tangu ashuke kwenye treni iliyomleta Orikawa na furushi lake, nayo ni kuacha kuwa mgeni. Sauti ya mwanawe ikitoka redioni, Tohoku nzima, kaskazini yote hii, ikasikia kwamba huyu ni mtoto wa Orikawa, nani atathubutu tena kumwita wa Kyushu? Akaitika kwa kichwa, na hapohapo akaanza.

Ee, kimya kile! Kilimwingia mwilini kama upele. Asubuhi alimwamsha Mine kwa kumvuta kidole cha mguu. Kwenye chakula aligonga bakuli kwa vijiti kumwonyesha ale. Maneno yalimjaa kifuani, akawa anatoka uani kuyamwaga kwa Yasuhei, na Yasuhei anatia kuni, "Mm," anatia kuni tena. Kwenye kiti chake cha juu aliwaelekeza wateja kwa mikono. "Kinue ameng'olewa ulimi?" wakamtania. "Lo, leo tutaoga kwa amani!" Akashuka, akapanda, akapanga ndoo za mbao kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga kwa uzee wake. Akitoka kwenda sokoni anafika kona anarudi, hakumbuki alichokifuata.

Bibi Toyo naye alizungumza kwa niaba ya wawili. Alimsimulia Mine habari za babu, za dubu, za majirani waliokufa, ng'a, ng'a, ng'a, toka supu ya asubuhi mpaka kachumbari ya jioni. Mine alimsikiliza akichekacheka. Akaanza hata kuleta wenzake nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kinue aliwakatia matunda, akawatabasamia bila neno, akajiambia, haya, si hasara. Lakini kitu kilimchomachoma, hakujua ni nini. Usiku anageuka huku, anageuka kule, Yasuhei mpaka akahamisha godoro.

Ndipo siku moja akapeleka gogo la kuni ghalani, akasimama nje ya ukuta wa mbao akisubiri wimbo uishe. Mine akaanza peke yake.

"Kagi ng'a agai."

Kinue akadhani amesikia vibaya. Kinanda kikanyamaza.

"Rudia," Mwalimu akasema.

"Kagi ng'a agai."

Karatasi haikutikisika. Ng'a ilikuwa nzuri, laini kama kitambaa cha hariri, hata angebanwa pua ungejua. Lakini kaki ilikuwa imekufa. Alikuwa Bibi Toyo mtupu, kasoro mvi. Mwalimu alimrudisha, akamrudisha tena, akampulizia karatasi yeye mwenyewe, na kadiri mtoto alivyoogopa ndivyo k zilivyozidi kuyeyuka. Kinue akaliacha gogo palepale kwenye theluji, akaondoka karibu anakimbia.

Hakuwa amefika mbali katika kusugua sakafu ya hamamu Mwalimu Usami alipoingia, kichwa wazi, viatu ameviacha kombo mlangoni.

"Mama Mine, zungumza! Nakuomba. Zungumza naye usiku na mchana!"

Kinue akamtazama.

"Nilidhani ni sauti," Mwalimu akasema, anahema. "Watoto wote wa mji huu, yeye peke yake k yake safi, nikasema ni kipaji. Kumbe ilikuwa yako. Redio inataka kaki ya kwako na ng'a ya bibi yake. Nimemnyang'anya moja kumpa nyingine."

Hapo bwawa likapasuka. Kinue alimwambia yote, kwa ga zake zote. Mtu mzima na elimu yako, kuja nyumbani kwa watu kumfunga mama mdomo! Mtoto ni gari, utamtoa gurudumu hili umtie lile? Nimekaa humu kama bubu, wateja wananicheka, nimekonda! Mwalimu alipokea kichwa chini mpaka mwisho, kisha, kwa kuwa mtu akisukumwa sana hujishika popote, akasema asilolitaka.

"Si mimi niliyelifikiria, mama. Ni Mine. Alinifuata mwenyewe. Alisema, Mwalimu, mwambie mama asiongee, wewe atakusikia."

Brashi ikamponyoka Kinue. Akaiokota, akairudisha ndooni.

"Basi," akasema. "Kama ndivyo alivyotaka, ndivyo atakavyopata."

Na hapo kimya kikaanza upya, ila hiki kilikuwa chake. Hakusema na Mine, hakusema na mwalimu, hata Yasuhei hakuambulia kitu kule uani. Alitembea. Alikwenda mpaka darajani akarudi, akaosha ndoo zilizokwisha oshwa, akakunja taulo, akazikunjua. Moyo ulimwuma kwa namna ambayo hakuijua, kwa sababu mtu akikuchukia mtaani unarudi nyumbani, je, akikuonea haya mwanao unakwenda wapi? Bibi Toyo mwenyewe akashindwa.

"We Kinue, sema basi! Nitukane hata mimi. Nyumba imekuwa ya msiba hii."

Kinue akaendelea kukunja.

Mine akaja mchana mmoja, mama yake yumo ndani ya hodhi kubwa lililokaushwa, anasugua vigae. Akasimama ukingoni na begi lake mgongoni.

"Mama. Sema kaki."

Brashi iliendelea.

"Mama, Mwalimu anampa Sachiyo nafasi yangu. Kesho nisipoweza, Sachiyo wa duka la dawa ndiye atakayeanza. Sema tu mara moja. Nimesahau inavyokuwa."

"Si ulitaka ninyamaze?" Ilitoka yenyewe, na ndani ya hodhi tupu ikarudi kubwa maradufu. "Si wewe uliyemtuma mwalimu?"

Mine akawa mwekundu, kisha akaanza kulia kwa ile namna ya watoto wanaojua wamekosa, bila sauti.

"Walikuwa wanakuigiza," akasema. "Sachiyo anapanda juu ya sanduku kama wewe kwenye kiti, anasema ga ga ga, kama bata. Wote wanacheka. Kila siku. Nikaona ukinyamaza wataacha."

"Wakaacha?"

"Wakaacha. Wakaja hata kucheza."

Kinue akakaa kitako kwenye vigae vilivyolowa. Alimtazama mtoto huyu aliyembeba tumboni bila nyama juu ya mifupa yake mwenyewe.

"Mine, niambie kweli. Ulikuwa unanionea huruma, au ulikuwa unanionea aibu?"

Mtoto alifikiri. Hakukimbilia jibu, na hilo Kinue hakulisahau.

"Vyote," akasema.

Ajabu, hilo Kinue aliliweza. Angeambiwa huruma tupu asingeamini, na angeambiwa aibu tupu angevunjika. Vyote, hilo lilikuwa jibu la mtu. Akajifuta pua kwa mkono wenye sabuni.

"Haya ingia. Vua viatu. Kaki!"

"Kagi."

"Kaki! Ipige chini ya koo huko, usiibembeleze. Kaki!"

"Kaki."

"Kaki, kaki, kaki!" Hodhi likawa linavuma kama ngoma. Bibi Toyo akatoa kichwa kutoka chumba cha nguo.

"Kelele zote hizo za nini? Mnataka kagi? Ziko nyingi juu ya dari!"

"Bibi, nyamaza!" wakapiga kelele wote wawili, na Bibi Toyo akarudi ndani akinung'unika, ila uso wake ulikuwa umechangamka.

Jumapili ya redio, nusu ya mji ilikuja kuoga. Wangeoga nini! Walikuja kwa sababu redio ya hamamu ndiyo kubwa kuliko zote. Wanaume kwa taulo viunoni, wanawake wamejifunika vifuani, ukuta wa katikati umesahaulika, watu wamebanana chini ya kiti cha Kinue. Yasuhei aliacha tanuri lizimike. Mama yake Sachiyo alikuwapo, amesimama mbele. Kinue alikaa juu, na kwa mara ya kwanza alikaa kwa matako yote mawili.

Mtangazaji akasema jina la Orikawa, watu wakashangilia kisha wakanyamazishana. Kinanda kikalia. Halafu sauti ya Mine, peke yake, nyembamba, iko mbali huko Sendai na iko hapa.

"Kaki."

Ilitoka kavu na safi. Ungedhani karatasi zote za mji zimeruka. Kinue akashika ukingo wa kiti.

"Ga akai."

Ga. Wala si ng'a. Ga, puu, sakafuni. Kisha kwaya nzima ikaingia, ng'a, ng'a, laini mpaka mwisho, wakaimba vizuri kuliko walivyowahi kuimba, lakini nani alikuwa akisikiliza? Bibi Toyo alikuwa anaigombeza redio, "Ng'a, mtoto wewe! Ng'a!" Mama yake Sachiyo aliziba mdomo. Mzee mmoja wa upande wa wanaume akasema polepole, "Ga ya Kinue hiyo."

Wakawa wa pili. Mji mwingine ndio uliokwenda Tokyo mwaka ule. Orikawa ilikuja kwenda Tokyo baadaye, tena si mara moja, na ghala likapata jiko la mafuta na kinanda kipya, lakini siku ile nani alijua? Watu waliondoka bila kuoga, na bila kuaga. Kinue alibaki juu ya kiti na uso unawaka. Aliona haya, Mungu shahidi. Na chini ya haya hiyo kulikuwa na kitu kingine kinarukaruka, akawa anakikaripia kitulie, ni aibu kufurahi watu wakilia, na hakikutulia.

Alifika stesheni mapema mno, akatembea jukwaa lote kwenda na kurudi mpaka mkuu wa stesheni akamwambia atayachakaza mawe. Treni ikaja. Watoto wakashuka na macho mekundu. Wazazi waliwachukua wao bila kumtazama Kinue. Mwalimu Usami alishuka wa mwisho, amezeeka, akamwinamia.

"Kaki yake ilikuwa safi," akasema tu, akaenda zake.

Mine alisimama na begi, mdomo umekaza. Wakaanza kurudi kwa miguu, theluji inalia chini ya viatu. Walipopita duka la dawa Kinue akasema.

"Mwanangu. Uliweza ng'a vizuri kabisa. Ile ga ilitoka wapi?"

"Kwako," Mine akasema. "Ingetoka wapi tena?"